Kadi Iko Mfukoni, Fedha Zimekwenda: Namna Kadi ya Benki Inavyonakiliwa na Unavyojikinga

Meseji inaingia saa saba usiku: umetoa fedha kwenye ATM, Dar es Salaam. Wewe uko Kiloleni, Tabora, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka ilipo mashine hiyo. Unawasha taa, unafungua pochi, kadi ipo. Baada ya dakika mbili inaingia meseji nyingine, fedha zaidi zimetoka. Kufikia asubuhi salio limekauka, na kadi bado unayo, nzima, wala hukumbuki kumwazima mtu.

Anayepatwa na jambo hili kwa kawaida humshuku kwanza mtu wa karibu. Nani mwingine angeweza kuichukua kadi usiku na kuirudisha mahali pake? Mtoto aliyetumwa benki mwezi uliopita anaitiwa kikao cha ukoo. Kijana wa dukani anasimamishwa kazi. Shutuma za namna hiyo hazifutiki kirahisi hata ukweli ukija kujulikana, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayonifanya nitake wizi huu ueleweke vizuri. Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyeigusa kadi yako. Ilinakiliwa.

Mwizi wa kunakili kadi anahitaji vitu viwili, na kimoja bila kingine hakimfikishi kwenye noti. Anahitaji taarifa zilizoandikwa kwenye kadi, na anahitaji namba ya siri. Cha kwanza anaweza kukipata bila wewe kujua, na hata ukiwa mwangalifu kiasi gani huwezi kumzuia kila mara. Cha pili karibu chote kiko kwenye mamlaka yako. Matangazo mengi ya tahadhari hutumia nguvu nyingi kwenye kile cha kwanza. Mimi nitavieleza vyote, lakini uzito nitauweka kwenye cha pili.

Mstari mweusi unabeba nini

Geuza kadi yako. Nyuma yake kuna mstari mweusi au wa kahawia unaokwenda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ni utepe wa sumaku, ndugu wa ule uliokuwa ndani ya kaseti za redio: chembe ndogo mno zenye sumaku zimepangwa kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio maandishi. Wazo la kuubandika utepe huo kwenye kadi lilifanyiwa kazi na Forrest Parry, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani, katika miaka ya 1960. Inasimuliwa kwamba gundi zilimshinda, utepe ukawa unajikunja, mpaka mkewe alipopendekeza wajaribu kuubandika kwa pasi ya nguo. Ulikuwa ugunduzi mzuri kwa wakati wake. Shida ni kwamba wakati ule hakuna aliyefikiria kwamba siku moja kifaa cha kusoma sumaku kitakuwa kidogo kuliko kiberiti na kitauzwa kwa bei ya chini.

Ndani ya mstari mna njia kadhaa za maandishi. Ya kwanza hubeba hadi herufi na tarakimu 79, likiwemo jina lako. Ya pili hubeba hadi tarakimu 40: namba ya kadi, mwezi na mwaka ambao kadi itakwisha muda, tarakimu tatu zinazoieleza mashine kadi hii itumikeje, na tarakimu za uhakiki ambazo benki huzitumia kutambua kwamba mstari huo ni wake. Hakuna fumbo lolote linaloyafunika. Kichwa chochote cha kusomea sumaku kikipita juu yake kitayasoma yote kwa sekunde moja.

Tena maandishi hayo hayabadiliki. Yalivyokuwa siku ulipokabidhiwa kadi dirishani ndivyo yalivyo leo, na ndivyo yatakavyokuwa mpaka kadi iishe muda. Kwa hiyo anayeyasoma mara moja anayo moja kwa moja. Anachukua kadi tupu ya plastiki yenye mstari kama huo, anayaandika upya, na mashine inayosoma mstari peke yake haina njia ya kujua ipi ni kadi ya mwalimu mstaafu wa Ipuli na ipi imeandikwa jana chumbani kwa tapeli.

Kifaa cha kunakilia, ambacho wengi sasa wanakiita skima, huwekwa pale kadi inapopita. Kwenye ATM hutengenezwa kama mdomo wa plastiki unaofanana na mdomo halisi wa mashine, ukavalishwa juu yake. Kadi inapita kwanza kwenye mdomo wa bandia, inasomwa, kisha inaingia kwenye mashine kama kawaida. Unahudumiwa, unapewa fedha, unachukua risiti. Hakuna dalili yoyote kwamba kuna jambo limetokea, na mwizi huenda akasubiri wiki kadhaa kabla ya kuitumia nakala ili usiweze kukumbuka ulipita wapi. Vipo pia vifaa vyembamba vinavyoingizwa ndani kabisa ya tundu la kadi, ambavyo kwa nje huwezi kuviona hata ukimulika tochi. Na kipo kile cha kushika mkononi, kinachojaa kiganjani, anachokitumia mhudumu asiye mwaminifu wa hoteli au wa kituo cha mafuta: unampa kadi, anaondoka nayo kwenda kwenye mashine “ya ndani”, anaipitisha mara mbili, anakurudishia.

Namba ya siri haimo kwenye mstari kwa namna ambayo mwizi anaweza kuisoma. Hiyo lazima aitafute kwingine.

Chipu imesaidia wapi, na imeishia wapi

Watu wengi wananiambia: lakini kadi yangu ina chipu, ile dhahabu ya mbele, benki walisema haiwezi kunakiliwa. Walichoambiwa ni kweli kuhusu chipu. Si kweli kuhusu kadi nzima.

Chipu ni kompyuta ndogo. Ndani yake kuna ufunguo wa siri ambao hautoki nje, hata mashine haiuoni. Unapochomeka kadi, mashine inaipelekea chipu maelezo ya muamala: kiasi gani, tarehe gani, na tarakimu nyingine za kubahatisha. Chipu inayachanganya maelezo hayo na ufunguo wake na kutoa jibu la mara moja, ambalo benki, yenye nakala ya ufunguo upande wake, inalikagua. Muamala unaofuata utakuwa na jibu lingine. Mwizi akilinasa jibu la leo halimsaidii kesho. Kanuni za kadi za namna hii ziliandikwa katikati ya miaka ya 1990 na kampuni tatu, Europay, Mastercard na Visa, na Ufaransa ilikuwa imeshaanza kutumia chipu kwenye kadi za benki kabla ya hapo. Uingereza ililazimisha matumizi ya chipu na namba ya siri mwaka 2006. Marekani ilichelewa sana. Ni Oktoba 2015 ndipo mfanyabiashara asiye na mashine ya chipu alipoanza kubeba hasara ya kadi za kughushi.

Chipu basi ni imara. Lakini geuza tena kadi yako: mstari mweusi bado upo. Umeachwa ili kadi ifanye kazi kwenye mashine za zamani, na katika nchi au maduka ambayo bado yanasoma mstari. ATM nyingi zinazomeza kadi nzima hutumia chipu kwa muamala wenyewe, ila kadi inapoingia, mstari nao unapita mdomoni. Skima iliyo mdomoni haijali chipu. Inachukua mstari, basi.

Nakala hiyo itatumika wapi wakati mashine za hapa zinadai chipu? Zile tarakimu tatu nilizozitaja humwambia msomaji wa mstari kwamba kadi hii ina chipu, kwa hiyo mashine nzuri itakataa mstari na kuomba chipu. Mwizi anatafuta mashine isiyo nzuri. Inaweza kuwa ya zamani iliyosahaulika, inaweza kuwa nchi ya mbali. Taarifa za kadi zinasafiri kwa intaneti, na ndiyo maana mtu wa Tabora ambaye hajawahi kuvuka mpaka anaweza kukuta fedha zake zimetolewa ng'ambo.

Mastercard imetangaza kwamba mstari utaondolewa hatua kwa hatua, na ifikapo 2033 kadi zake hazitakuwa nao kabisa. Hiyo ni habari njema, lakini miaka ya hapa katikati ni mingi na kadi iliyo mfukoni mwako ni ya leo.

Mambo mawili yanatoka kwenye maelezo haya. Unapolipa kwenye mashine ya malipo (POS), dukani au kwa wakala wa benki, chomeka kadi kwa upande wa chipu na usikubali kuiswaipu, yaani kuupitisha mstari kwenye mashine, ila pale ambapo kweli chipu imegoma. Unapochomeka kwa mbele, sehemu ya mstari inabaki nje. Mhudumu akisema “chipu inasumbua leo, tuswaipu tu”, una haki ya kulipa kwa fedha taslimu au kwa simu. Na kama husafiri nje ya nchi, nenda benki yako uulize kama inawezekana kufunga matumizi ya kadi nje ya Tanzania. Nakala iliyouzwa kwa mtu wa mbali itakuwa plastiki tupu.

Mkono mmoja juu ya vitufe

Sasa tuje kwenye namba ya siri. Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000, na mashine humpa mtu nafasi chache tu za kukosea, kwa kawaida tatu, kisha kadi inafungiwa. Kwa hiyo mwizi hawezi kubahatisha, labda uwe umechagua 1234 au mwaka wako wa kuzaliwa. Lazima aione ukiibonyeza.

Njia anayoitumia zaidi ni kamera. Siku hizi kamera inatosha kwenye tundu la msumari. Hubandikwa juu ya vitufe, kwenye kipande cha plastiki kinachofanana na sehemu ya mashine, au pembeni ndani ya kisanduku cha kuwekea vipeperushi. Baadaye mwizi anaoanisha muda wa kamera na muda wa skima: kadi iliyosomwa saa 4:12 ni ya yule aliyebonyeza 7, 0, 3, 8 saa 4:12.

Kinga yake ni mkono. Bonyeza kwa mkono mmoja, mwingine ulaze juu yake kama kibanda, kiganja kikifunika vitufe kutoka juu na pande zote. Fanya hivyo hata kama uko peke yako ndani ya chumba cha ATM, kwa sababu kamera haionekani. Fanya hivyo kwa wakala, fanya hivyo dukani. Usione aibu kwamba mtu wa nyuma atadhani unamshuku. Ukifanya hivi kila mara, bila kuacha hata siku moja, skima iliyoko mdomoni mwa mashine itakuwa imepata nusu ya kazi, na kwa nusu hiyo mwizi hawezi kusimama mbele ya ATM akatoa fedha.

Kuna mbinu inayoushinda mkono: vitufe vya bandia vinavyowekwa juu ya vile halisi na kurekodi unachobonyeza. Hutumika kwa nadra kuliko kamera kwa sababu kuvitengeneza vifanane na kila aina ya mashine ni kazi. Vinatambulika kwa kugusa: vimeinuka kuliko kawaida, vinadidimia vibaya, au vinacheza ukivisukuma pembeni. Ukihisi hivyo, bonyeza kitufe cha kughairi, toa kadi yako, ondoka.

Na kutikisa mdomo wa mashine? Ushauri huu umeenea sana. Utikise, hauna hasara: mdomo halisi umefungwa kwa chuma, wa bandia umeshikwa na gundi au mkanda wa pande mbili. Angalia kama rangi ya plastiki inatofautiana na mashine nyingine ya benki hiyohiyo, kama kuna mabaki ya gundi, kama taa ya kijani iliyokuwa ikimulika mdomoni imefunikwa. Ila usiuweke ushauri huu mbele ya ule wa mkono. Benki zenyewe hufunga vikinga vya plastiki vilivyovimba mdomoni kwa lengo la kuzuia skima, na kwa macho ya mteja vikinga hivyo ndivyo vinavyofanana zaidi na kitu cha bandia. Na skima iliyo ndani kabisa ya tundu haitikisiki.

Chagua pia mashine. ATM iliyo ndani au ukutani mwa tawi, mchana, benki ikiwa imefunguliwa, ni bora kuliko ile iliyojitenga karibu na stendi. Wezi hupendelea kufunga vifaa jioni na mwisho wa wiki, kwa sababu hakuna mfanyakazi wa benki atakayepita na kuona jambo geni.

Yule anayesema “nikusaidie mzee”

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kwa mji kama Tabora naamini hatari hii ni kubwa kuliko kamera zote.

Fikiria siku malipo ya tumbaku yanapoingia. Wakulima wanakuja kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge, AMCOS, chama chao cha ushirika, imeshapeleka majina, kila mmoja ana kadi yake. Au fikiria mwisho wa mwezi, siku ya pensheni: walimu wa zamani, wafanyakazi wa reli wa zamani, mama aliyestaafu uuguzi. Foleni imefika barabarani, jua linawaka, mashine moja imeandikwa haifanyi kazi. Mzee anaingia, miwani ameisahau, maandishi ya kioo hayaoni vizuri, anakosea lugha, mashine inamrudishia kadi. Kijana nadhifu aliye nyuma yake anasogea.

“Shikamoo mzee. Inakusumbua? Lete nikusaidie.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nitolee laki mbili.”

Kijana anachomeka kadi, anamwambia mzee ataje namba ya siri au aibonyeze mwenyewe huku anatazama, fedha zinatoka, anamkabidhi fedha zake zote kwa heshima pamoja na kadi. Mzee anashukuru, anamwombea baraka. Kadi aliyorudishiwa ni ya mtu mwingine, ya benki ileile, rangi ileile, imeisha muda au iliibwa mahali pengine. Ya kwake imeondoka na kijana pamoja na namba ya siri. Hapakuhitajika skima wala kamera. Atagundua atakaporudi mwezi ujao, mashine itakapoikataa kadi, na huenda atadhani amesahau namba.

Inayofanana na hii ni ya kuinasa kadi. Mwizi anaweka kitanzi chembamba ndani ya tundu. Kadi inaingia, haitoki. Anatokea mtu: “Hata mimi jana ilinifanyia hivihivi, bonyeza namba yako ya siri mara mbili kisha ughairi, itatoka.” Haitoki. Ukienda kutafuta msaada, yeye anavuta kitanzi, anachukua kadi, na namba alishaiona. Kadi ikimezwa, baki palepale ulipo na uipigie benki kutoka hapo, au umtume mtu unayemfahamu amwite mhudumu wa tawi. Usibonyeze chochote kwa ushauri wa mtu aliyetokea tu.

Najua kumwambia mzee wa Kinyamwezi akatae msaada wa kijana aliyemsalimia vizuri ni kumwomba jambo gumu. Malezi yetu yanasema anayekusalimia kwa adabu ajibiwe kwa wema. Kwa hiyo nadhani kazi hii ni ya watoto na wajukuu zaidi kuliko ya wazee. Kama mama yako anapokea pensheni, nenda naye siku mashine haina foleni, umfundishe hatua kwa hatua huku ukisimama mbali na vitufe, mpaka azifanye mwenyewe. Mwonyeshe jina lake kwenye kadi na umzoeshe kulisoma kila anaporudishiwa. Kama hasomi, mbandikie kipande cha karatasi ya rangi kwenye kona ya kadi isiyogusa chipu wala mstari, mahali ambapo hakitazuia kadi kuingia kwenye mashine. Kama hawezi kabisa, aingie ndani ya benki kwenye dirisha la keshia na kitambulisho chake. Foleni ya ndani ni ndefu, ndiyo. Nusu siku ya foleni inarudi, kiinua mgongo hakirudi.

Na nina ombi kwa familia: namba ya siri isiwe mali ya nyumba nzima. Nimeona kadi zenye namba ya siri iliyoandikwa nyuma kwa kalamu ya wino, kadi inayopitishwa kati ya watoto wanne kulingana na nani anakwenda mjini. Siku fedha zikipotea, benki itauliza swali moja tu, kama kuna mtu mwingine anayeijua namba yako, na jibu la kweli litakuwa limekufungia mlango wa kudai.

Wakala naye anahitaji sentensi zake. Wakala wengi ni majirani zetu na ni waaminifu, na bila wao kijiji kisingekuwa na huduma ya benki. Lakini umakini uleule unahitajika: kadi isitoke machoni pako, uichomeke mwenyewe ikiwezekana, usimtajie namba ya siri ili “aibonyeze haraka”. Asiipige picha kadi, mbele wala nyuma. Tarakimu tatu zilizochapwa nyuma ya kadi, ambazo si zile za ndani ya mstari, pamoja na namba ya kadi na tarehe ya mwisho, huweza kutosha kununua vitu mtandaoni bila namba ya siri yoyote.

Kuna na mtego mwingine unaoanzia hapo. Njia ya kwanza ya mstari ina jina lako, na daftari la wakala lina namba yako ya simu. Mwizi mwenye nakala ya kadi lakini asiye na namba ya siri anaweza kukupigia akijitambulisha kuwa wa benki, akakutaja kwa majina yako yote, akakusomea hata tarakimu za mwisho za kadi, kisha akasema kadi ina tatizo, thibitisha namba ya siri au nisomee namba iliyoingia sasa hivi kwa meseji. Kwa kuwa amejua mengi, anaaminika. Mfanyakazi wa kweli wa benki hahitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote, na haulizi. Kata simu, na namba iliyokupigia iripoti kupitia 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeiweka kwa ajili ya namba za matapeli.

Panga fedha zako kabla ya mwizi kupanga

Hata ukifanya yote hayo, tuchukulie siku moja nakala ya kadi yako itafanya kazi mahali fulani. Kinachobaki ni swali la kiasi gani kitachukuliwa na utajua lini.

Kwa mkulima wa tumbaku ushauri wangu ni mmoja na nausisitiza: usiache fedha za msimu mzima kwenye akaunti yenye kadi. Fungua akaunti ya akiba isiyo na kadi katika benki hiyohiyo, hamishia huko sehemu kubwa mara malipo yanapoingia, na kwenye akaunti yenye kadi acha matumizi ya wiki mbili au tatu. Mwizi anayenakili kadi anafika kwenye akaunti iliyofungwa kwenye kadi hiyo, hafiki kwenye jirani yake. Omba pia benki ipunguze kiwango cha juu cha kutoa kwa siku. Kama hujawahi kutoa zaidi ya laki tatu kwa siku, hakuna sababu kadi yako iruhusu mamilioni.

Meseji za taarifa nazo ni muhimu kuliko watu wanavyozichukulia. Wengine huzizima wakiona makato madogo. Wengine wamejiandikisha kwa laini waliyoitumia miaka kumi iliyopita. Laini ikikaa bila kutumika hufungwa, namba hupewa mtu mwingine, na taarifa za akaunti yako zinakwenda kwa mgeni. Pita benki uhakikishe namba yao ni ile unayotembea nayo. Kwa aliye kijijini ambako chaji ni ya kutafuta, zoea kuangalia salio kila simu inapowaka.

Kadi mpya za kugusa tu bila kuchomeka zinawatia watu wasiwasi bila sababu kubwa. Zinafanya kazi kwa umbali wa sentimita chache na zinatoa jibu la mara moja kama chipu. Hatari yake ni kuipoteza kadi yenyewe, kwa kuwa malipo madogo huweza kupita bila namba ya siri.

Ikishatokea

Dakika ndizo zenye thamani. Andika leo namba ya huduma kwa wateja ya benki yako kwenye simu na kwenye karatasi nyumbani, kwa sababu namba iliyo nyuma ya kadi haikusaidii kadi ikiwa imeibwa. Meseji ya kutoa fedha usizozitoa ikiingia, piga hapohapo, hata kama ni usiku, sema kadi ifungwe. Usisubiri asubuhi ukidhani ni hitilafu ya mtandao. Anayetoa fedha kwa kadi ya bandia huanza na kiasi kidogo kujaribu, kisha hurudi kwa kikubwa, na mara nyingi huvuka saa sita usiku makusudi ili atumie kiwango cha siku mbili.

Asubuhi nenda tawini na barua. Taja tarehe na saa za miamala usiyoitambua, eleza ulikuwa wapi wakati huo, na kwamba kadi unayo. Ukiweza kuonyesha kwamba saa ileile ulikuwa Tabora, kwa mfano risiti ya wakala au muamala wa simu uliofanya, ambatanisha. Omba wakukabidhi nakala ya barua yako ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Omba waeleze kwa maandishi kama miamala hiyo ilisomwa kwa chipu au kwa mstari: benki inaiona taarifa hiyo kwenye mfumo wake, na ikiwa kadi yako ina chipu lakini fedha zilitoka kwa mstari, hoja yako ya kwamba ilinakiliwa inakuwa na mguu wa kusimamia. Swali hili wateja hawaliulizi kwa sababu hakuna aliyewaambia lipo.

Toa taarifa polisi upate RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu wa kutumia kompyuta na pia kumiliki vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya makosa hayo, kwa hiyo hata aliyekutwa na skima kabla ya kuiba ana kesi. Ukiona kifaa kwenye ATM usikibandue ukaondoka nacho: kitakuwa mikononi mwako na alama za vidole ni zako, na mwenyewe anaweza kuwa anatazama kwa karibu. Mwite mlinzi, piga benki, wazuie wengine wasitumie mashine.

Benki isipokuridhisha, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki, baada ya wewe kuwa umeanzia kwenye benki yako. Hapo ndipo nakala yenye mhuri inapokuwa na kazi. Tabora hakuna tawi la Benki Kuu, lakini Mwanza na Dodoma yapo, na barua inaweza kutumwa.

Ukipewa kadi mpya, badilisha namba ya siri uliyokuwa nayo, usiihamishe ile ya zamani, maana mwizi anayo. Kadi ya zamani usiitupe jalalani ikiwa nzima. Ikate kwa mkasi vipande vinne, mkato mmoja upite katikati ya chipu na mwingine ukate mstari mweusi, na vipande uvitupe sehemu tofauti.